Salvador ya Bahia Siku kwa Siku: Mwongozo Kamili wa Maisha ya Mtaani

Msafiri anayefika Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia huko kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwa kawaida huwa na orodha ya makanisa, ngome na majumba ya makumbusho mkononi. Orodha hiyo si mbaya, lakini haitamwonyesha mji. Uwanja uliolala Jumatatu asubuhi hufurika watu Jumanne usiku, na ngazi za kanisa ambazo mwezi Julai hukaliwa na wauza tepe, mwezi Januari huoshwa kwa maji ya manukato mbele ya umati mkubwa wa watu waliovaa nyeupe. Kwa hiyo kabla mgeni hajauliza aende wapi, na aulize leo ni siku gani. Mwongozo huu umepangwa kwa kulifuata swali hilo.

Historia kidogo itasaidia, kwa kuwa bila hiyo mambo mengi ya mtaani yataonekana kama maonyesho yaliyoandaliwa kwa ajili ya watalii. Wareno waliuasisi mji huu mwaka 1549 chini ya Tomé de Sousa, gavana mkuu wa kwanza, na ukawa makao makuu ya koloni hadi mwaka 1763, makao hayo yalipohamishiwa Rio de Janeiro. Brazil iliingiza karibu Waafrika milioni 5 waliofanywa watumwa, idadi iliyozidi ile ya nchi nyingine yoyote ya Amerika, na ndiyo iliyochelewa kuliko zote barani humo kukomesha utumwa, tarehe 13 Mei 1888. Wengi wa waliochukuliwa kutoka pwani ya Msumbiji walishushwa Rio de Janeiro. Salvador ilipokea zaidi watu wa Angola na Kongo, na baadaye Wayoruba, Wafoni na Wahausa kutoka upande wa Ghuba ya Benin. Chakula, ngoma na ibada za mji huu zimetokana na watu hao, na wajukuu wao ndio walio wengi mitaani leo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kukata tiketi

Msimu wa sikukuu huanza mapema mwezi Desemba. Tarehe 4 ya mwezi huo, siku ya Mtakatifu Barbara, mtaa wa kale wa Pelourinho huvaa nyekundu. Alhamisi inayotangulia Jumapili ya pili baada ya Epifania, yaani katikati ya Januari, watu hutembea takribani kilomita 8 kutoka kanisa la Conceição da Praia hadi kanisa la Bonfim, ambako wanawake waliovaa magauni mapana meupe huziosha ngazi. Tarehe 2 Februari ni siku ya Iemanjá, mama wa bahari, katika mtaa wa Rio Vermelho. Kisha huja Carnival, sherehe kubwa ya mitaani inayotangulia Kwaresima, ambayo tarehe yake hufuata Pasaka na huangukia Februari au mwanzoni mwa Machi.

Mvua nyingi hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai. Hata hivyo miezi hiyo ina mambo yake. Mwezi Juni ni wa São João, sikukuu ya mioto ya kuni, vyakula vya mahindi na muziki wa forró, lakini sehemu kubwa ya wakazi huenda kuisherehekea katika miji ya ndani ya Bahia, na mgeni anayebaki Salvador huukuta mji umepungua. Tarehe 2 Julai Wabahia huadhimisha siku majeshi ya Ureno yalipofukuzwa mwaka 1823. Maandamano hutoka Lapinha, yakapita Pelourinho hadi Campo Grande, na mbele yake husukumwa sanamu za wenyeji asilia mwanamume na mwanamke. Tarehe 27 Septemba, siku ya Watakatifu Cosme na Damião, familia nyingi hupika bamia kwa masufuria makubwa, na watoto saba hula kwanza kabla ya mtu mzima yeyote kugusa chakula.

Kwa maoni yangu, anayekwenda kwa mara ya kwanza asiende wakati wa Carnival. Afike baada ya kuoshwa kwa ngazi za Bonfim, au siku chache kabla, akae hadi tarehe 2 Februari. Ataupata mji ukiwa umechangamka, na bado kuna nafasi ya kuzungumza na watu.

Hatua ya 2: Nyaraka, fedha na simu

Masharti ya viza hutegemea pasipoti, kwa hiyo yaulizwe katika ubalozi wa Brazil. Upo Nairobi na upo Dar es Salaam. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima iwe ndani ya pasipoti, kwa sababu Brazil ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo na msafiri anaweza kudaiwa kadi hiyo anaporudi Afrika Mashariki hata kama hakuulizwa alipokuwa akienda. Njia iliyonyooka kwa wengi ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, kisha ndege ya ndani hadi Salvador. Saa za Salvador ziko nyuma ya zile za Afrika Mashariki kwa saa sita.

Fedha ni riali ya Brazil. Wenyeji wengi hulipana kwa Pix, mfumo wa papo kwa papo ulioanzishwa na Benki Kuu ya nchi hiyo mwezi Novemba 2020, na utaona hata muuza madafu ametundika msimbo wa kuskani kwenye mkokoteni wake. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya Brazil asitegemee mfumo huo. Atumie kadi, kwa kuwa wachuuzi wengi wana mashine ndogo ya kadi, na asikose noti ndogo mfukoni kwa wale wasio nayo. Kabla ya kuingiza namba ya siri, asome kwa makini kiasi kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine. Kioo kikiwa kimepasuka au hakisomeki, alipe kwa noti.

Simu ndiyo inayoviziwa zaidi na vibaka. Ukitaka kutazama ramani, ingia dukani au simama ukiupa mgongo ukuta, kisha irudishe mfukoni. Namba ya polisi ni 190 na ya gari la wagonjwa ni 192, na Pelourinho kuna polisi wanaoshughulikia watalii.

Hatua ya 3: Elewa mji wa juu na mji wa chini, kisha chagua pa kulala

Salvador imekaa juu ya genge linalotazama Ghuba ya Watakatifu Wote. Juu ya genge ndiko kuliko Pelourinho, makanisa na ofisi za kale. Chini kuna bandari na soko la Mercado Modelo, lililomo ndani ya jengo la zamani la forodha. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa na lifti ya Lacerda, iliyoanza kazi mwaka 1873, ambayo hupanda zaidi ya mita 70 kwa chini ya dakika moja na nauli yake ni ndogo sana. Panda lifti hiyo hata kama miguu yako ina nguvu. Vichochoro na barabara zinazoteremka kutoka juu hadi chini hazina watu wa kutosha, na ndiko wageni wanakoibiwa.

Mitaa mitatu inafaa kwa malazi. Santo Antônio Além do Carmo uko hatua chache kaskazini ya Pelourinho. Una nyumba za wageni zenye madirisha yanayotazama ghuba, na jioni wazee huketi vibarazani. Barra uko kwenye ncha ya rasi, karibu na ufuo na mnara wa taa, na unamfaa mwenye watoto. Rio Vermelho ni mtaa wa wavuvi, wasanii na wala chakula cha usiku. Mimi ningechagua Santo Antônio kwa siku za mwanzo na kuhamia Rio Vermelho baadaye. Pelourinho penyewe pana kelele usiku wa Jumanne na wakati wa sikukuu, na mwenye usingizi mwepesi hatalala.

Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya metro, na basi la bure huwafikisha abiria kituoni. Anayekwenda mji wa kale hubadilisha treni Acesso Norte na kushuka Campo da Pólvora. Akifika usiku akiwa na mizigo, achukue teksi au gari la programu ya simu hadi mlangoni.

Hatua ya 4: Salimia kwanza

Mswahili hatapata shida hapa, kwa kuwa Mbahia naye huona ni utovu wa adabu mtu kuuliza bei kabla ya kusalimu. Asubuhi sema "bom dia", baada ya mchana "boa tarde", usiku "boa noite", kisha "tudo bem?", usubiri jibu. Mwanamume hushukuru kwa kusema "obrigado" na mwanamke "obrigada". Mwanamke mtu mzima huitwa "dona" likifuatiwa na jina lake la kwanza, na muuzaji wa kiume anaweza kukuita "meu rei", yaani mfalme wangu, bila kuwa na nia yoyote ya kukupandishia bei. Kiingereza hakizungumzwi na wengi nje ya hoteli.

Hatua ya 5: Jifunze kula acarajé

Kuanzia alasiri, kwenye kona za mitaa, utawaona wanawake waliovaa nyeupe, vilemba vimefungwa vizuri, shanga shingoni, wameketi nyuma ya meza pana yenye sufuria na kikaango kirefu. Hao ndio baiana wa acarajé. Kazi yao iliandikishwa na taasisi ya urithi ya Brazil mwaka 2005 kuwa urithi wa taifa, lakini ni ya zamani zaidi ya hapo: wanawake watumwa na waliokwisha kujikomboa waliitumia kupata fedha za kununulia uhuru wao na wa ndugu zao.

Aliyekula bajia za kunde za Dar es Salaam au Unguja ataitambua acarajé mara moja, kwa kuwa unga wake ni wa kunde zilezile. Kunde hupasuliwa, hulowekwa, maganda hutolewa, husagwa, kisha unga hupigwa kwa mwiko wa mbao pamoja na kitunguu na chumvi mpaka uumuke na kuwa mwepesi. Tofauti ni mafuta na ukubwa. Acarajé hukaangwa katika mafuta ya mawese mekundu, mara nyingi kukiwa na kitunguu kizima kinachoelea ndani yake ili mafuta yasiungue, na tonge moja hujaza kiganja cha mkono. Ikiiva, muuzaji huipasua ubavuni kwa kisu na kuijaza vatapá, rojo nzito ya mkate, kamba wakavu, korosho, karanga, tangawizi, tui la nazi na mawese. Juu yake huweka caruru, ambayo ni bamia zilizopikwa kwa kamba wakavu, kisha kachumbari ya nyanya na kamba wenyewe.

Muuzaji atakuuliza kuhusu pilipili. Ukijibu "quente" ukidhani unaomba iliyotoka jikoni sasa hivi, utapewa pilipili nyingi. Sema "pouca pimenta" ukitaka kidogo, au "sem pimenta" ukitaka bila. Kuila kwa mkono kunahitaji uzoefu, kwa hiyo anayeanza na aombe iwekwe kwenye sahani, "no prato", ale kwa uma. Tumbo lisilozoea mawese litalalamika, hivyo siku ya kwanza kula moja tu, na si usiku sana. Anayeogopa mafuta anunue abará, ambayo ni unga uleule uliofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kando ya meza kuna cocada, yaani kashata za nazi, nyeupe na za sukari iliyounguzwa.

Mahali pa kuanzia ni Rio Vermelho, katika viwanja vya Largo de Santana na Largo da Mariquita, ambako wauzaji maarufu wako karibu karibu na foleni huwa ndefu jioni za wikendi. Usiipite meza ya mtaani kwako kwa sababu haina foleni. Angalia kama mafuta ni mekundu na safi, na kama muuzaji anakaanga mteja anapofika badala ya kuzirundika zilizopoa.

Kwa wasomaji Waislamu, acarajé na moqueca, mchuzi wa samaki wa tui na mawese, hazina nyama ndani yake. Feijoada, maharage ya Jumamosi, ina nguruwe, na hata maharage ya kawaida ya hotelini mara nyingi huungwa kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Uliza "tem porco?" kabla ya kuagiza. Fahamu pia kwamba baadhi ya baiana huuza acarajé kama sehemu ya wajibu wao wa kidini katika candomblé, dini ya Wabahia yenye asili ya Afrika, ambamo chakula hicho ni cha Iansã, mungu wa dhoruba. Wako wauzaji wa Kilokole wasiohusiana na jambo hilo, na ubishi kati ya pande hizo mbili haujaisha.

Hatua ya 6: Jumanne jioni, Pelourinho

Pelourinho limepata jina lake kutokana na nguzo ambayo watumwa walichapiwa viboko hadharani. Leo ni eneo la Urithi wa Dunia, tangu mwaka 1985, lenye nyumba zilizopakwa rangi na mawe ya barabarani yanayoteleza mvua ikinyesha. Viatu vya soli laini vibaki hotelini.

Jumanne fika uwanja wa Terreiro de Jesus alasiri. Pita jumba la makumbusho la Afro-Brasileiro, lililo katika jengo la kale la chuo cha udaktari, ambamo zimo mbao kubwa zilizochongwa na Carybé kuonyesha miungu wa Kiyoruba. Kisha teremka mteremko hadi kanisa la buluu la Nossa Senhora do Rosário dos Pretos. Kanisa hili lilijengwa katika karne ya 18 na udugu wa watu weusi, watumwa na walio huru, waliofanya kazi hiyo katika saa zao za mapumziko. Misa ya Jumanne huanza saa 12 jioni, na nyimbo zake husindikizwa na ngoma. Wakati wa matoleo waumini husogea mbele wakicheza, wamebeba vikapu vya mkate juu ya vichwa. Hii ni ibada kamili: kaa nyuma ukiwa hushiriki, funika mabega, na usipige picha watu wanaposali.

Baada ya misa, mtaa mzima huwa ukumbi. Hapa ndipo utakaposikia samba-reggae, mdundo ambao Neguinho do Samba aliusuka akiwa na kundi la Olodum, lililoundwa mwaka 1979. Yeye ndiye pia aliyeanzisha Didá mwaka 1993, kundi la wanawake wapiga ngoma, kwa wakati ambao ngoma kubwa zilihesabiwa kuwa za wanaume. Kundi likianza kushuka mtaani, usisimame mbele yake kwa ajili ya picha. Ingia nyuma, tembea pamoja na watu, na utauelewa mdundo kwa miguu kabla ya kuuelewa kwa masikio.

Usumbufu nao upo na inafaa uujue mapema. Kijana atakufunga utepe mkononi au atakuvisha mkufu akisema ni zawadi, kisha atadai ununue kingine. Mwingine atakuchora usoni kwa rangi nyeupe kabla hujakubali. Wanawake waliovaa kibaiana mbele ya maduka hutaka malipo kwa picha, nao wana haki, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yao. Ulizeni bei kwanza. Neno "não, obrigado", likisemwa kwa upole bila kusimama, hutosha. Kaa kwenye mitaa yenye taa na watu, na ukimaliza ita gari likufuate ulipo badala ya kutembea kulitafuta.

Hatua ya 7: Tafuta duara la capoeira lisilo la watalii

Capoeira, mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki, ilikuwa kosa la jinai katika sheria ya Brazil ya mwaka 1890. Mwaka 1932 Mestre Bimba alifungua shule yake ya mtindo wa Regional hapa Salvador, na Mestre Pastinha akafuata mwaka 1941 na shule ya Angola, iliyoshikilia mwendo wa zamani wa chini na wa taratibu. Duara lake, roda, limo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2014.

Utaona vijana wakiruka sarakasi Terreiro de Jesus mchana, na watakuletea kofia ya kuchangia. Si kitu kibaya, lakini nenda pia ngome ya Santo Antônio Além do Carmo, ambamo shule kadhaa za capoeira zina vyumba vyake. Uliza siku ya roda, kwa kuwa siku nyingine ni za mazoezi. Ukiingia, keti ulipoonyeshwa na utazame zaidi upande wa ala kuliko upande wa miguu. Kiongozi ni berimbau: upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, ambao mpigaji huugonga kwa ufito huku akiubana waya kwa jiwe au sarafu, na mkono uleule wa ufito umeshika kayamba ndogo ya ukindu. Wachezaji wawili huchuchumaa mbele ya berimbau, husubiri wimbo, hupeana mikono, ndipo waingie. Berimbau kubwa ikibadili mdundo, mchezo nao hubadilika, na ikiita, wachezaji hurudi miguuni pake. Mgeni hupiga makofi na kuitikia kiitikio. Hakatizi duara, na hanyanyui simu bila ruhusa ya mwalimu.

Hatua ya 8: Ijumaa, vaa nyeupe

Ijumaa ni siku ya Oxalá, baba wa miungu wa Kiyoruba, ambaye Wabahia wengi humwona pamoja na Bwana wa Bonfim. Watu huvaa nyeupe kwenda kazini, madereva na karani wa benki kwa pamoja, na mikahawa mingi huweka chakula cha mawese kwa mlo wa mchana. Vaa nyeupe nawe, kisha nenda kanisa la Bonfim asubuhi. Uzio wake umefunikwa tepe za rangi. Utepe una urefu wa sentimita 47, ambao inasemekana ni kipimo cha mkono wa sanamu ya altareni. Hufungwa kwa mafundo matatu, ombi moja kwa kila fundo, na huachwa mpaka ukatike wenyewe. Ndani kuna chumba cha shukrani ambamo dari imejaa mikono, miguu na vichwa vya nta vilivyoletwa na waliopona. Nakishauri chumba hicho kuliko kanisa lenyewe.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo jingine la Ijumaa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Waislamu watumwa na walio huru, wengi wao Wayoruba na Wahausa, waliinuka dhidi ya mabwana zao. Mapigano yalianza katika nyumba moja ya Ladeira da Praça, mteremko ulio karibu na lifti ya Lacerda, na yalizimwa Água de Meninos kando ya ghuba. Waliokamatwa walikutwa na maandishi ya Kiarabu, aya na dua zilizofungwa kama hirizi, na baadhi yake yamehifadhiwa katika nyaraka za jimbo la Bahia. Barabara yenyewe leo ni ya magari na maduka. Mtu huipita bila kujua.

Hatua ya 9: Jumamosi asubuhi, soko la São Joaquim

Mercado Modelo ni pa kununua zawadi. Soko ambalo mji hununua mahitaji yake ni Feira de São Joaquim, lililokuja mahali hapa baada ya soko la Água de Meninos kuteketea kwa moto mwaka 1964. Fika saa 2 asubuhi, kabla ya joto, ukiwa na viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu njia zake ni nyembamba, zina maji, na wasukuma mikokoteni hawasubiri.

Humo utaona mawese katika chupa za kila ukubwa, milima ya kamba wakavu, unga wa muhogo wa aina nyingi ambao wateja huonja kwa kuurusha kinywani, vyungu vya udongo, majani ya tiba na ya ibada, shanga, mbuzi na kuku walio hai. Muuza majani akikuambia jani fulani haliuzwi kwa mgeni, usibishane. Onja unga kabla ya kununua, uliza kabla ya kupiga picha, na kula hapo hapo kwenye meza za wapagazi.

Hatua ya 10: Candomblé, kwa mwaliko

Candomblé ndiyo mzizi wa mambo mengi yaliyotajwa hapa. Nyumba zake, terreiro, ni za mataifa mbalimbali: Ketu hufuata Wayoruba, Jeje hufuata Wafoni, na Angola hutumia maneno ya Kikongo na Kimbundu, ambayo Mswahili atayasikia yakimgonga sikio. Casa Branca, mojawapo ya nyumba kongwe, ndiyo terreiro ya kwanza kuhifadhiwa na serikali kama urithi wa taifa, katika miaka ya 1980.

Sherehe za wazi zipo, lakini zina kalenda yake, na nyumba nyingi hufunga wakati wa Kwaresima. Nenda na mtu anayefahamika hapo. Vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu, ndefu, kamwe si nyeusi. Wanaume na wanawake huketi pande tofauti. Usipige picha, usikunje mikono kifuani, na jiandae kwa saa nyingi za usiku. Ziara za kulipia zinazoahidi "usiku wa candomblé" kwa basi zima la watalii sizipendekezi. Asiyetaka kuingia katika ibada isiyo ya dini yake hana sababu ya kujilazimisha. Mengi ya kujifunza yamo katika makumbusho na sokoni.

Siku ya Iemanjá ni tofauti, kwa kuwa iko wazi kwa wote. Tarehe 2 Februari fika Rio Vermelho kabla ya alfajiri, wakati fataki zinaporushwa. Foleni ya watu wenye maua huelekea nyumba ya wavuvi, ambako vikapu hujazwa, na alasiri mashua hubeba vikapu hivyo baharini. Peleka maua tu, bila plastiki wala chupa ya manukato. Ukiyataka manukato, yamimine majini na ubaki na chupa.

Jumapili, na Carnival kwa anayeitaka

Jumapili ni ya ufuo wa Porto da Barra, ambao unatazama magharibi na maji yake ni matulivu. Fika mapema. Kiti na mwavuli hukodiwa. Kubaliana bei kabla ya kukaa, na uliza kama kiti ni bure ukinunua vinywaji. Wachuuzi watapita na jibini inayochomwa mbele yako kwenye jiko dogo la mkaa linalobebwa mkononi, madafu na mahindi. Nenda na fedha za siku hiyo tu, na pasipoti ibaki kwenye sefu. Jua huzama mapema, kati ya saa 11 na robo na saa 12 na dakika chache jioni kutegemea mwezi, na watu hukusanyika kwenye mnara wa taa kulipigia makofi.

Atakayeamua kwenda Carnival ajue njia zake tatu. Barra–Ondina hupita kando ya bahari na ina magari makubwa ya muziki, trio elétrico, yaliyotokana na gari kuukuu ambalo Dodô na Osmar walilifungia vipaza sauti mwaka 1950. Campo Grande ndiyo njia ya zamani. Pelourinho hutembelewa na vikundi vidogo vya matarumbeta na familia zenye watoto. Anayelipa hununua fulana ya kikundi na kutembea ndani ya kamba inayolizunguka gari la muziki. Asiyelipa hucheza nje ya kamba, kundi linaloitwa bisi kwa jinsi linavyorukaruka. Nje ya kamba ndiko kwenye raha, na ndiko kwenye vibaka, kwa hiyo fedha zikae kwenye mkoba mwembamba chini ya nguo.

Usikose mambo mawili. La kwanza ni Ilê Aiyê, kikundi cha watu weusi kilichoundwa mwaka 1974 huko Curuzu, mtaa wa Liberdade, ambacho Jumamosi usiku huachia njiwa weupe kabla ya kuteremka barabarani. La pili ni Filhos de Gandhy, wanaume waliovaa nyeupe na buluu, kikundi kilichoanzishwa na wapagazi wa bandari mwaka 1949. Hunyunyizia watu manukato ya lavenda na huwapa wanawake mikufu yao ya shanga wakitarajia busu, nawe unaweza kukataa kwa kutabasamu. Ngoma huendelea hadi mchana wa Jumatano ya Majivu na barabara nyingi hubaki zimefungwa, kwa hiyo tiketi ya kuondoka iwe ya Alhamisi.